Yule kiumbe wa Frankenstein ni mtu au si mtu?

Mgeni wa Riwaya:
Wakuu, salaam. Nimemaliza Frankenstein ya Mary Shelley. Nilitegemea jitu la kwenye sinema, la kugunaguna tu. Kumbe kitabuni linaongea, tena kwa ufasaha kumzidi hata Victor aliyeliunda! Na jina halipewi mpaka mwisho. Swali langu: lile ni mtu? Kama ni mtu, lilianza lini kuwa mtu?

Bundi Msomaji:
Pale kibandani, mkuu. Rudia sura anazosimulia mwenyewe. Amejificha kwenye kibanda kilichoegemea nyumba ya akina De Lacey, anawachungulia kwenye ufa. Usiku anawaibia chakula. Halafu anagundua wale watu ni fukara, na vijana wanajinyima ili baba yao, mzee kipofu, apate kula. Anaacha kuiba siku hiyohiyo, anarudia mizizi na matunda ya mwituni. Si hivyo tu, anachukua zana za Felix, kijana wa kiume wa mzee huyo, usiku na kwenda kuwatafutia kuni. Asubuhi wanafungua mlango, rundo hilo, wanabaki wameduwaa. Wakati huo hajui hata neno moja la lugha yao!

Victor je? Alimkimbia usiku uleule aliofumbua macho, eti anatisha. Na viungo alivichagua mwenyewe, akivitafuta vilivyo vizuri.

Kalamu Kavu:
Unamtetea mno. William, mdogo wake Victor, alikuwa mtoto tu, alimkosea nini? Kamkaba mpaka akafa, kisha kamtilia Justine, mtumishi wa nyumbani kwao, kidhibiti nguoni akiwa usingizini. Binti wa watu akanyongwa bure. Kuni ndiyo zifute hayo?

Bundi Msomaji:
Hazifuti, wala sijasema zinafuta. Ila simba akiua hamsingizii mwenzake. Kumbebesha mtu kesi ni kazi ya mtu, na mimi hapo namwona ni mtu kamili kuliko hata kwenye kuni. Tena usimsahau Victor: muuaji alimjua, na mahakamani hakumtaja.

Kalamu Kavu:
Hapo kwa Victor sikubishii. Angesema, nani angemwamini? Lakini hata kujaribu hakujaribu.

Mgeni wa Riwaya:
Aisee, zile sura za kibandani nilizipitia haraka nikisubiri mauaji. Ni za ngapi? Nimeona pia kuna matoleo mawili.

Bundi Msomaji:
Toleo la 1831 ni sura ya 11 hadi 16. La kwanza, la 1818, liko katika juzuu tatu. Tafuta juzuu la pili, sura ya 3 hadi 8. Ukilipata la 1818 soma hilo. Katika la 1831 Victor anasingizia majaliwa kila mara, na mimi ananichosha. Ukifika pale Felix anapomcharaza kwa fimbo, soma polepole: alikuwa na uwezo wa kumrarua vipandevipande, akajizuia. Kisha uje utuambie.