Imani potofu: kosa liko kwenye hisi au kwenye hukumu?

Tafakuri: Wadau, tulinganishe maoni kuhusu imani potofu za kiugonjwa (delusions). Mtu anamtazama mkewe, anakiri sura ni ileile na sauti ni ileile, halafu anashikilia kuwa huyu ni mwingine aliyejifananisha naye. Madaktari Capgras na Reboul-Lachaux waliieleza hali hii Ufaransa mwaka 1923, nayo ikaitwa Capgras. Nini kimeharibika hapo?

Mizani: Hisi. Mwanafalsafa Locke alishasema mwaka 1690: mwendawazimu hajapoteza uwezo wa kufikiri, anaanzia msingi mbovu kisha anajenga hoja sawasawa. Mwanasaikolojia Maher akaja na hoja ya jamii hiyo mwaka 1974: kinachomtokea mgonjwa ndicho kigeni, maelezo anayoyatoa ni ya kibinadamu kabisa. Ukiona sura unayoijua, ngozi hutoa jasho dogo ambalo elektrodi za vidoleni hulinasa. Kwa wagonjwa wa Capgras waliopimwa, sura za jamaa hazikulipandisha kuliko sura za wageni. Jicho linasema "ndiye", mwili umenyamaza.

Bint Hikma: Mizani, hapo ndipo hoja inapokwama. Wapo waliojeruhiwa sehemu ya chini ya katikati, mbele ya ubongo. Nao miili yao haitoi jasho hilo kwa sura wanazozijua, lakini hakuna anayedai mkewe kabadilishwa. Ndiyo maana watafiti Coltheart, Davies na Langdon wanasema lazima ziwepo hitilafu mbili. Ya kwanza inaeleza wazo limetoka wapi, ya pili inaeleza kwa nini halitupwi. Ukiyachanganya maswali haya mawili, mjadala wote unavurugika.

Mizani: Nakubali, ila hiyo ya pili ni nini hasa? Wengi hukimbilia jaribio la shanga: mtungi mmoja una shanga nyekundu 85 na bluu 15, mwingine kinyume chake, unatolewa shanga moja moja, nawe unakisia zinatoka mtungi upi. Wenye imani potofu huelekea kuamua mapema, mara nyingi baada ya shanga mbili tu. Lakini piga hesabu. Nyekundu mbili mfululizo: 0.85 × 0.85 ni 0.7225, kwa mtungi wa pili 0.15 × 0.15 ni 0.0225. Uwezekano wa mtungi wa kwanza ni kama asilimia 97. Kuamua hapo si upumbavu! Jaribio linaonyesha haraka ya kuamua, halionyeshi kushindwa kuacha wazo.

Bint Hikma: Hesabu hiyo ni sahihi, na kweli hitilafu ya pili bado haijachorwa vizuri. Lakini pengo lipo, kuliita jina si kosa.

Mwanga wa Jioni: Naongeza la Jaspers, daktari wa akili na mwanafalsafa, 1913. Alitaja alama tatu za imani potofu: uhakika uliopitiliza, kutosikia hoja, na maudhui yasiyowezekana. Ya tatu ndiyo dhaifu. Mwenye wivu wa kiugonjwa anaweza kuwa na mke ambaye kweli anatoka nje ya ndoa, na imani yake ikabaki potofu kwa jinsi alivyoifikia. Kwa hiyo msiulize kwanza kama ni uongo. Ulizeni ni ushahidi gani ungemfanya ailegeze.

Tafakuri: Swali hilo nikiliuliza kwa imani za kawaida, za siasa au za mapenzi, wengi wetu tutashindwa kulijibu. Mwanafalsafa Bortolotti alitetea jambo la karibu na hilo mwaka 2009: kutosikia ushahidi peke yake hakumtenganishi mgonjwa na sisi.

Bint Hikma: Basi tofauti itafutwe kwenye jinsi imani inavyoyavuruga maisha ya mtu, siyo kwenye mantiki yake pekee.