Saiba yangu ya Umoja: mashine zifunguke na Google, DuckDuckGo au akili unde?

MamaSaiba_Umoja, Jumatatu saa nne asubuhi

Hamjambo wanajukwaa. Naomba ushauri wa watu wanaovitumia vitu hivi kila siku.

Nina saiba ndogo hapa Umoja, Nairobi, kompyuta sita na printa mbili. Wateja wangu mnawajua: anayejaza fomu za serikali za eCitizen, kijana anayeandika wasifukazi, mwanafunzi mwenye kazi ya mradi, mzee anayetaka kujua kama amesajiliwa SHA, ile mamlaka ya bima ya afya. Zamani mtu akiketi alikuta Google, akachapa, akatafuta. Siku hizi nusu yao wananiambia, "Mama, nifungulie ile inayojibu."

Wiki jana dada mmoja alichapisha kurasa nne: dalili za mtoto wake, dawa, na vipimo vya dawa. Zote zilikuwa jibu la programu ya akili unde. Nikamuuliza, "Hii imeandikwa na nani?" Akanitazama tu. Nikaipitia karatasi juu hadi chini. Hakuna jina la daktari, hakuna hospitali, hakuna tarehe. Nilimrudishia shilingi zake arobaini nikamsihi apitie zahanati kwanza. Usiku ule usingizi ulinipaa, maana karatasi ile ilitoka kwenye printa yangu.

Sasa nataka kupanga upya. Mtu akiketi akute nini? Google kama kawaida? Bing? DuckDuckGo, ambayo kijana wangu anaisifu kila jioni? Au ChatGPT na Gemini moja kwa moja? Kumbukeni mteja hulipa shilingi moja kwa dakika, kwa hiyo akichelewa kupata jibu ni hela zake zinazokwenda.

Karani_Viwandani, saa nne na nusu

Mama Saiba, pole na ahsante kwa kumzuia dada yule.

Mimi nahesabu mishahara ya watu kumi na mmoja kwenye duka la vipuri Industrial Area. Tulipoajiri mtu mpya wa shilingi 40,000, niliuliza programu moja ya akili unde akatwe kiasi gani cha bima ya afya. Ikanijibu bila kusita: shilingi 1,000. Ikanipangia na jedwali safi la viwango vyote. Kumbe yale ni makato ya NHIF, bima ya afya ya zamani, na NHIF ilishaondoka. Tangu Oktoba 2024 tunakata SHIF, bima iliyo chini ya SHA, asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato, yaani 1,100. Mia moja yaonekana ndogo mpaka uizidishe kwa watu na miezi, halafu usimame mbele ya bosi tarehe 9 kumweleza kwa nini hesabu hailingani.

Lakini niseme ukweli wote. Nilipoingia Google kuhakikisha, ukurasa wa kwanza ulikuwa na jedwali lile lile la zamani! Kilichoniokoa ni tarehe iliyokuwa juu yake: 2021. Nilipoiona tu nikajua, nikateremka hadi tovuti ya SHA yenyewe. Lile jibu la programu halikuwa na umri, ndiyo maana sikuweza kujua kama limezeeka.

Kura yangu: Google.

FundiLuthuli, saa tano na robo

Karani amegusa penyewe. Mimi nina miaka tisa hapa barabara ya Luthuli, natengeneza simu na chaja. Nina mwanagenzi ambaye Kiingereza cha vitabu vya elektroniki kinamtesa. Nilikuwa nimemweleza mara tatu maana ya 104 iliyoandikwa kwenye kapasita, haikumwingia. Siku moja akaiuliza akili unde kwa Kiswahili. Ikamwambia: andika 10, ongeza sufuri nne, unapata pikofaradi 100,000, ambazo ni nanofaradi 100. Sahihi kabisa. Akauliza 103, akauliza 222, zote zikapita. Nilifurahi kwelikweli, maana kijana alianza kuzisoma bodi mwenyewe bila kuniita.

Kesho yake akaiuliza namba ya saketi inayosimamia chaji kwenye modeli fulani ya simu. Ikampa namba ndefu ya herufi na tarakimu. Akazunguka nayo duka kwa duka, Luthuli yote hadi River Road, hakuna aliyewahi kuisikia. Ikabidi tufungue simu, tusugue ile saketi kwa spiriti na mswaki, tuiweke chini ya kioo cha kukuza. Namba iliyoandikwa pale haikufanana hata kidogo na ile aliyotembea nayo.

104 ilikuwa nanofaradi 100 kabla mimi sijazaliwa, na imeandikwa mahali elfu. Jambo la namna hiyo AI inalieleza vizuri kuliko mimi. Lakini modeli, bei, namba ya kipuri, hayo mtafute mtu aliyeyashika mkononi, na mtu huyo utampata kwa kutafuta, sio kwa kuuliza.

MkaziSouthB, saa sita mchana

Naona mnaionea AI. Wateja wa Mama si mafundi wote. Wengi wanataka barua. Nikitafuta "barua ya kuomba kazi" napata kurasa kumi zinazofanana kama pacha, kila moja na matangazo matatu kabla ya aya ya kwanza, na matangazo hayo yanakula bando la Mama. Nikiieleza ChatGPT kwamba nimefanya kazi ya ulinzi miaka minne Mombasa Road na sasa naomba usimamizi wa ghala, inanipa barua ya Kiingereza kilichonyooka kwa dakika moja. Ndugu yangu aliitwa kwenye mahojiano kwa barua kama hiyo.

Kwa mtu ambaye hakubahatika kupata Kiingereza kizuri shuleni, hicho ni kitu kikubwa. Msimnyime kwa sababu ya makosa ya jedwali.

Mwalimu_Kayole, saa nane mchana

Ndugu wa South B, hapo kwenye barua nakuunga mkono kabisa. Kwa Kiingereza ni hodari. Shida yangu ni Kiswahili.

Niliiomba mazoezi ya ngeli kwa Gredi ya 6. Ikaniandikia "kiboko kimeingia mtoni." Jamani! Kiboko mnyama ni A-WA: kiboko ameingia mtoni. Kiboko cha kuchapia ndicho KI-VI. Nikaiomba methali tano za subira. Tatu nilizijua tangu utotoni, mbili sijapata kuzisikia Pwani wala bara, na nimefundisha somo hili miaka kumi na minane. Kilichonitia hofu ni kwamba zile mbili zilikuwa na mizani nzuri. Mwanafunzi angezimeza zote.

Sababu naielewa. Programu hizi hujifunza kwa kusoma maandishi mengi mno, kisha hukisia neno linalofuata. Kiingereza kimejaa mtandaoni, Kiswahili chetu ni kidogo, kwa hiyo mahali isipokuwa na mfano inajaza pengo kwa kitu kinachofanana na ukweli. Hakuna anayetukatalia; ni maandishi yetu wenyewe yaliyokosekana. Nikisikia watu wanasema Kiswahili hakifai kwa teknolojia, moyo unaniuma.

Kuhusu yule dada wa mtoto: hapa hapa Kenya, Jacaranda Health walitoa modeli ya Kiswahili mwaka 2023, UlizaLlama. Wana pia huduma ya SMS ya akina mama, PROMPTS, ambayo kompyuta huyapanga maswali na yenye dalili za hatari hufikishwa kwa binadamu. Huo ndio mpango ninaouamini. Na hautaki kompyuta; simu ndogo ya mulika mwizi inatosha.

Sheria_Parklands, saa tisa alasiri

Nasomea sheria, na darasani kwetu kuna hukumu moja ya Marekani ambayo kila mtu anaikumbuka. Juni 2023, New York, mawakili walipigwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani hoja zenye kesi sita ambazo hazijawahi kuwepo. ChatGPT ndiyo iliyozitunga, na walipoiuliza kama ni za kweli, ikasema ni za kweli. Mimi sasa nikipewa jina la kesi na programu yoyote, naenda Kenya Law, tovuti ya hukumu za Kenya, nione hukumu kwa macho. Nisipoiona haiingii kwenye kazi yangu.

Lakini Google nayo tusiifanye malaika. Agosti 2024 Jaji Amit Mehta wa Washington aliamua kwamba ililinda ukiritimba wake wa utafutaji kinyume cha sheria. Ushahidi ulionyesha kwamba mwaka 2022 peke yake iliilipa Apple dola bilioni 20 ili iwe ndiyo inayofunguka kwenye Safari, kivinjari cha Apple. Fikirieni: kampuni inalipa pesa zote hizo kwa ajili ya uamuzi ule ule ambao Mama Saiba ameuleta hapa, mtu akiketi akute nini. Septemba 2025 jaji huyo alikataa kuilazimisha Google iuze kivinjari chake cha Chrome, ila akapiga marufuku mikataba ya kuwa peke yake.

Mama, uamuzi wako ni mzito kuliko unavyodhani.

BintiRongai, saa kumi na mbili jioni

Nimesoma yote nikaona niseme. Nilifanya kazi ya kutia alama data kwa miezi minane hapa Nairobi. Jina la kampuni sitalitaja. Unaletewa picha ya barabara, unachora mstari kuzunguka kila gari, kila mtu, kila baiskeli, mpaka ukingo ugusane kabisa na kiwiko cha mtu. Ukikosea kidogo picha inarudi na muda wako haulipwi. Nikifika nyumbani nilikuwa nikifumba macho naendelea kuona masanduku.

Wengine walipewa maandishi badala ya picha. Januari 2023 jarida la Time liliandika kuhusu Wakenya waliosoma maandishi ya ukatili na udhalilishaji ili ChatGPT ijifunze kuyaepuka, kwa malipo yasiyofika dola 2 kwa saa. Kwa hiyo mteja akisema "ile inayojibu", mwambieni kuna watu wa Umoja na Rongai humo ndani waliochoka macho kwa ajili ya jibu hilo. Wanastahili kutajwa. Na kwa kuwa nimeona jinsi alama zinavyotiwa saa mbili usiku watu wakisinzia, siwezi kulichukulia jibu lake kama neno la mwisho.

Kijana_wa_Tehama, saa mbili usiku

Mama, mimi nifunge upande wa mitambo.

Bing na DuckDuckGo: kwa maswali ya hapa kwetu, kama ofisi ya chifu iko wapi au karo ya shule fulani, nimeona Google inafika mbali zaidi. DuckDuckGo hutegemea sana matokeo ya Bing, hivyo majibu hukaribiana. Faida yake ni kwamba haiwekei watu kumbukumbu ya walichotafuta, na saiba ni mahali ambapo watu kumi huketi kiti kimoja kwa siku.

Kero la Google siku hizi ni ule muhtasari wa AI unaotokea juu ya viungo. Mteja anausoma akidhani ndiyo tovuti yenyewe. Lakini tangu Mei 2024 kuna kichujio cha "Web" kinacholeta viungo vitupu. Kwenye mipangilio ya Chrome, ongeza injini ya utafutaji mpya, na mwishoni mwa anwani ya Google weka &udm=14. Ukiifanya ndiyo ya kawaida, kila atakayechapa juu atapata orodha ya kurasa zenye wenyewe.

La mwisho: usiruhusu mtu abandike picha ya kitambulisho au hati ya mshahara kwenye programu ya AI. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na mteja akilalamika ataanza na wewe.

MamaSaiba_Umoja, Jumanne saa tatu asubuhi

Nimesoma hadi usiku wa manane, ahsanteni sana. Nimeamua hivi.

Mashine tano zifunguke na Google ya viungo vitupu, na pembeni nimeweka eCitizen, KRA ya kodi, SHA na Kenya Law ili mtu asipotelee njiani. Ya sita, iliyo karibu na meza yangu, ndiyo ya akili unde. Ndugu wa South B amenishawishi: barua ziandikwe, na watoto waelezwe hesabu. Ila anayechapisha jibu la dawa, la makato au la kesi, ataniita kwanza tutafute pamoja ukurasa wenye jina na tarehe, na dakika hizo sitamtoza. Mwalimu, ukipita Ijumaa naomba uniandikie tangazo la ukutani kwa Kiswahili chako.

DuckDuckGo nimeiweka kwenye mashine namba mbili, kijana wangu atulie.

Shida moja imebaki. Namba nne inakataa. Naibadilisha vizuri, nikiizima na kuiwasha inarudi kama jana.

FundiLuthuli, saa tatu na nusu

Hiyo ina Deep Freeze, Mama. Aliyekuuzia aliiacha imegandishwa, kwa hiyo kila ikiwashwa inafuta mabadiliko. Shika Shift, bofya mara mbili kile kialama cha dubu pale chini kulia, weka nenosiri, chagua iwake ikiwa imeyeyushwa. Fanya mabadiliko yako, kisha uigandishe tena. Kama hukupewa nenosiri, mpigie aliyekuuzia kabla hujafungua leo.

MamaSaiba_Umoja, saa nne kasoro

Dubu nimemwona. Nampigia sasa hivi.