Dakika 2 za mwisho mnampanga nani?

Wadau, timu yetu ya basketi ya chuo tunafanyia tizi JMK Park, vile viwanja vya Dar, tunaongoza fresh tu ila dakika 2 za mwisho mpira unapotea ovyo. Niweke warefu au wenye mikono ya kutunza mpira?

— Mkuu weka wanaofunga frii throo (mitupo huru ya baada ya faulo). Wapinzani wakishafikisha faulo 4 kwenye kota (robo moja ya mechi), kila faulo inayofuata ni mitupo 2, so watakayewahi kumfauli ni yule asiyefunga, huyo mtoe kabisa.

— Sawa ila mrefu mmoja abaki, ribaundi (mpira unaorudi ukikosa ringi) inaua jamani. Juzi dogo wetu kakosa mtupo wa pili, mpira ukagonga ringi, chini hatuna mtu, wakakimbia wakafunga. Iliniuma sana.

— Mwenye faulo 4 mtoe mkiwa mnakaba, ya 5 anatoka mazima. Mkishambulia mrudishe.