Ubuntu 24.04 mpya: nianze kuweka nini, bando dogo?

fundi_mbagala: Wakuu, nimeweka Ubuntu 24.04 (mfumo endeshi wa Linux) kwenye laptopu mbili za ofisi. Bando ni la kubana. Programu gani za lazima?

kiti_cha_nyuma: Fungua terminal (dirisha la kuandika amri). Kwanza `sudo apt update` (apt ndiyo zana ya kusakinisha programu), halafu usipakue mara mbili. Kwenye mashine ya kwanza andika `sudo apt-get -d upgrade`; hiyo -d inapakua tu bila kusakinisha. Mafaili ya .deb (vifurushi vya programu) yatabaki `/var/cache/apt/archives`. Yanakili kwa flashi, uyabandike folda hiyohiyo kwenye ya pili, upige `sudo apt update` nayo, kisha `sudo apt-get upgrade` kote kuwili. Tumia apt-get, siyo apt: apt hufuta mafaili hayo ikimaliza kusakinisha, na wengi hukwama hapo. Matoleo ya Ubuntu yawe sawa.

mama_terminal: Ongeza `vlc` (ya kuchezea video na muziki) na `ubuntu-restricted-extras` (kodeki na fonti za ziada). Hiyo ya pili huleta ukurasa wa leseni ya fonti ambao mausi haigusi: bonyeza Tab mpaka OK iwake, kisha Enter. Ukifunga dirisha kwa hasira, apt inabaki imejifunga.

kiti_cha_nyuma: Ndiyo. Na umeme ukikatika katikati, dawa ya hayo mawili ni moja: `sudo dpkg --configure -a`, kisha `sudo apt -f install`.

fundi_mbagala: Na bakapu?

mama_terminal: `timeshift`, ila inalinda mfumo tu; folda ya home (yenye mafaili yako) haimo usipoichagua. Nyaraka za ofisi zipeleke diski ya nje kwa Déjà Dup, programu ya bakapu za mafaili. Antivirusi achana nayo kwa sasa.

fundi_mbagala: Shukrani wakuu, naanza na flashi.