Sokoke, Bengal au paka wa kawaida? Naomba tulinganishe

Mwanapwani
Wakuu, salaam. Nimepewa paka jike, amezaliwa nje kidogo ya Watamu, upande wa msitu wa Arabuko-Sokoke. Ana mabaka ya kahawia yanayojiviringa ubavuni, mwembamba, miguu mirefu. Jirani anasema Sokoke, ile aina ya paka ya huku pwani ya Kenya, mwingine anasema Bengal, mke wangu anasema ni paka tu kama paka wengine. Nimtambue vipi?

Chui_Mdogo
Bengal mwondoe kwanza. Huyo ametokana na paka wa kufugwa kuzalishwa na paka-chui wa Asia (paka mdogo wa mwituni), na aliendelezwa Marekani. Mwili umejaa misuli, manyoya laini yanayometameta juani, na madoa yake mara nyingi ni pete: ukingo mweusi, katikati rangi hafifu. Manyoya ya Sokoke ni mafupi, yamelala, na yale ya chini karibu hayapo. Ukimpapasa unaugusa mwili moja kwa moja.

Bi Zuhura
Mwanangu, kazi iko kwa paka wa kawaida, maana naye anaweza kuwa na mabaka yaleyale ya kuviringana. Mpeleke penye mwanga, upekue nywele katikati ya baka. Kwa paka wa kawaida rangi imekolea mfululizo. Kwa Sokoke, humo humo ndani ya baka mna nywele zenye vipande vya rangi hafifu, kwa hiyo linaonekana limechujuka katikati, mfano wa gome la mti. Ncha ya mkia huwa nyeusi. Macho ni ya kaharabu hadi kijani hafifu, na kichwa ni kidogo kwa mwili wake.

Kisha mwache atembee. Miguu ya nyuma ya Sokoke ni mirefu kuliko ya mbele, anakwenda kama ananyata. Kwangu mimi mwendo unashinda rangi.

Kaka_Saidi
Na tabia je? Sokoke hakai kitako: mara juu ya kabati, mara dirishani, na ana maneno mengi. Akishamzoea mtu au paka mwenzake, kumtenganisha naye ni kumtesa.

Bi Zuhura
Kweli, Saidi, lakini Bengal naye hupanda makabati, na paka wa kawaida waropokaji tunao tele. Tabia ije baada ya umbo.

Chui_Mdogo
Naungana na Bi Zuhura. Halafu kuna suala la nasaba. Aina hii ilianza kufugwa kwa mpango baada ya Jeni Slater, mkazi wa Kenya, kukuta vitoto vya paka hao huko pwani ya Kenya mwaka 1978. Baadaye wengine wakapelekwa Denmark. Paka wa Mwanapwani anaweza kuwa na damu hiyohiyo, ila bila kumbukumbu za wazazi tutaishia kusema anafanana na Sokoke.

Mwanapwani
Ahsanteni sana. Nimempekua sasa hivi: nywele za ndani ya baka zina vipande vipande, na ncha ya mkia ni nyeusi tii. Mwendo ndio sijauelewa, kila nikimwangalia anakuja kunisugulia miguu.

Bi Zuhura
Mwambie mkeo amwite kutoka upande wa pili wa ukumbi, wewe chutama umrekodi kwa ubavuni. Weka hiyo video hapa, tuone nyonga na mbavu kwa pamoja.