Nyumba ya mabati Kisumu: joto la mchana linatulalia hadi usiku

Mpangaji wa Manyatta
Ndugu zangu, naomba ushauri. Nimepanga vyumba viwili hapa Manyatta, kuta ni za matofali ya simenti na paa ni la mabati yasiyo na dari. Tangu Januari ianze, ikifika saa nane mchana hakukaliki ndani, na hata usiku, nje kukiwa kumeshapoa, chumba cha watoto bado kina fukuto. Juzi niliukuta mshumaa niliouacha juu ya kabati umepinda kama ndizi. Nimenunua feni, lakini inatupulizia hewa moto tu. Nianzie wapi, ikizingatiwa kwamba mwenye nyumba hapendi kusikia habari za gharama?

Fundi wa Kondele
Pole sana. Anzia juu. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, hivyo adhuhuri jua hulipiga paa moja kwa moja, hasa mwezi wa Machi, ilhali ukuta wa kaskazini na wa kusini hupata jua kidogo. Bati likishapata moto humulika joto kuelekea chini kama jiko la makaa lililogeuzwa, na feni haiwezi kulizuia kwa sababu kazi yake ni kuisogeza hewa, si kuipoza. Saa tisa alasiri panda juu ya kiti, inua kiganja karibu na bati bila kuligusa, kisha kishushe hadi usawa wa kitanda. Kitakueleza kila kitu.

Dawa yake ni dari. Si lazima iwe ya jipsamu. Hata plaiwudi nyembamba inafaa, mradi ubakize nafasi kati yake na mabati, na nafasi hiyo iwe na matundu ya hewa pande mbili zinazoelekeana. Yazibe kwa wavu, maana mbu wa malaria hupenda kuingilia pale ukuta unapokutana na paa. Dari ikishindikana, omba ruhusa ya kuyapaka mabati rangi nyeupe, ambayo hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua. Mabati ya maruni yanapendeza, sikatai, lakini hulinywa jua.

Mzee wa Nakuru
Mimi hufunga madirisha mchana kutwa, kisha naning'iniza shuka lililoloweshwa maji mlangoni. Nyumba hupoa vizuri.

Fundi wa Kondele
Mzee wangu, kwa heshima zote, hilo linafaa huko kwenu, zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ya msimu huu ni kavu. Sisi tuko mita 1,100 na kitu, kando ya ziwa, na hewa yetu ina unyevu. Shuka halikauki upesi, na maji yasipokauka hayapozi kitu. Tena nyumba isiyo na dari huwa moto kuliko nje, kwa hiyo kuifunga mchana ni kujichemsha.

Mama wa Nyalenda
Nakubaliana na fundi, ila kabla ya dari kuna mambo ya bei nafuu. Dirisha la magharibi likinge kwa nje, si kwa pazia la ndani, kwa sababu jua likishapita kioo limeshaingia. Mimi nilishona magunia mawili nikayatundika kwenye fito, hatua moja kutoka ukutani, na upepo unapita. Jiko litoe nje, hata la gesi. Jambo jingine ni kwamba mchana upepo hutoka ziwani, lakini usiku hugeuka na kutoka nchi kavu, kwa hiyo jioni fungua dirisha lililolipa ziwa kisogo, na watoto walale ndani ya neti.

Mpangaji wa Manyatta
Nawashukuru nyote. Kiganja nimekipandisha leo, na nimekishusha haraka. Jumamosi nitatundika magunia, kisha nimwone mwenye nyumba kuhusu rangi nyeupe. Nitajitolea kuinunua mwenyewe, yeye alipe fundi tu.