Birika la msikiti: tulivunje tuweke mifereji?

Mwanakamati (Lamu):
Assalamu alaykum. Msikiti wa mtaa wetu, katika mji wa kale wa Lamu, una birika la kutawadhia lililojengwa kwa mawe na chokaa, lenye urefu wa mita 3 na upana wa mita 1, nalo hujazwa maji ya kisima kwa mashine. Vijana wa kamati wanataka livunjwe ili iwekwe safu ya mifereji kumi ya bomba yenye viti vya saruji, kwa kuwa wanaona ni uchafu watu wote kuchovya mikono katika maji yale yale, na wengine wanatia shaka hata kusihi kwa udhu wenyewe. Wazee wanakataa, lakini hoja yao kubwa ni kwamba ndivyo tulivyolikuta, nayo haimtoshi kijana wa miaka ishirini. Naomba mnisaidie kabla ya kikao, kwanza kuhusu hukumu ya maji, kisha kuhusu ujenzi.

Maalim wa chuoni:
Wa alaykumu salaam, ndugu yangu. Katika madhehebu yetu ya Shafii kinachotazamwa kwanza ni kiasi cha maji. Yakifika kulateni, yaani ujazo wa dhiraa moja na robo kwa urefu, upana na kina, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka yabadilike rangi, tamu au harufu. Yakipungua hapo hunajisika kwa kuguswa na najisi tu, hata yakionekana safi. Wengi hukadiria kipimo hicho kuwa sentimita 60 kila upande, sawa na lita 216. Kwa birika lenu, lita hizo ni kina cha sentimita 7 na kidogo, kwa hiyo muda wote maji yakiwa juu ya hapo, kuchovya mkono hakuyafanyi kuwa mustaamali, yaani maji yaliyokwisha kutumika kwa tohara, wala hakuharibu udhu wa mtu.

Shaka ya vijana ina mahali pake wakati wa ukame, kisima kinapopungua na birika kubaki na maji ya chini tu. Hapo aliyekwisha kuosha uso, akatia mkono ndani bila kunuia kuchota, huyafanya maji hayo machache kuwa yaliyotumika, na mwenziwe hawezi kutawadha kwayo. Dawa yake ni ya zamani: wekeni kata, kila mtu achote na ajimiminie pembeni. Wale samaki wadogo wanaofugwa birikani ili wale viluwiluwi vya mbu wasiwatie wasiwasi, kwani kinachotoka kwao kimesamehewa maadamu hakijayabadilisha maji.

Fundi mstaafu:
Maalim amemaliza ya kwake; mimi nina ya bomba. Nilishiriki kuvunja birika la msikiti mmoja, sitautaja, na hadi leo najuta. Baada ya kuweka mifereji nilitega ndoo ya lita 10 chini ya mmoja, na kijana aliyekuwa akitawadha huku akizungumza aliijaza kabla hajafika miguuni, ilhali Mtume, rehema na amani zimshukie, alitosheka na mudi moja, ambayo haifiki lita. Lamu maji matamu yanategemea mvua inayohifadhiwa na vilima vya mchanga vya Shela, na ukivuta kwa pupa chumvi hupanda, kwa hiyo upotevu huo si jambo dogo. Kisha mashine ilipoungua, watu walikwenda kutawadha majumbani kwao siku nne.

Ushauri wangu: birika libaki, na ubavuni pake wekeni mifereji michache ya kujifunga yenyewe, kwa ajili ya wazee wasioweza kuinama na wenye vidonda. Sakafu isiwekwe vigae vinavyong'aa, maana maji na sabuni vikikutana hapo mtu huvunjika nyonga. Mteremko wa maji machafu uelekee kwenye minazi au ndimu, mbali na kisima, na usiungane na karo la choo.

Mkaazi wa Mkomani:
Msisahau kwamba mji wa kale wa Lamu umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2001. Kabla ya kushika nyundo waoneni wahifadhi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na yale mawe ya kusugulia nyayo yaliyo kando ya birika msiyang'oe kwa kudhani ni takataka. Katika magofu ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani mawe ya kazi hiyo yapo hadi leo.

Mama wa watoto watatu:
Mmejadili birika, samaki na mawe. Nauliza tu: katika ramani hiyo ya mifereji kumi, wanawake wamewekewa mingapi?

Mwanakamati (Lamu):
Ahsanteni nyote. Leo baada ya magharibi nilitia kijiti: maji yana kina cha sentimita 41, yaani lita 1,230, takriban kulateni sita. Nimewaonyesha vijana hesabu hiyo, nao wamekubali tuanze na kata na mifereji minne. Dada yetu, jibu la swali lako ni kwamba hakuna hata mmoja. Nimeliandika liwe la kwanza katika ajenda ya kikao.